Tulikatwa Kwenye Salamu Maria ya Tatu

Sikuwa na kompyuta. Sikuwa na simu ya maana. Kioo cha hii yangu kilipasuka siku ya kipaimara cha mjukuu. Sikuwa na mtandao nyumbani. Sikuwa na mtu mjini wa kumpigia na kumwambia, "Hebu nimalizie hapo."

Kusoma ndiko sikukukosa. Nilisoma shule ya jioni kichwa kikiwa na mvi, nikafanya QT, ule mtihani wa wanaojisomea nje ya shule, nikafaulu. Fomu hainitishi.

Ndiyo maana jambo hili bado linaniuma. Hapa juu Kibondo, kilima kizima kilizima simu kwa ajili yangu, na bado nikashindwa kutuma fomu moja.

Mke wangu Odilia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi ananitambua kwa kikohozi. Sura ya mjukuu wetu wa mwisho hajawahi kuiona, anampapasa tu.

Tukasikia redioni kwamba kuna taasisi inaleta madaktari Kasulu, wanapasua macho bure. Sharti lao ujiandikishe kwenye tovuti, uweke picha ya macho na karatasi ya rufaa. Ukifika bila namba, unarudi ulikotoka.

Nikamwambia Odilia, "Hiyo kazi ndogo, Mama Nathaniel. Vaa kanga tupande kilimani kwenye mtandao."

Tukapanda, mimi mbele, yeye ameshika pindo la koti langu.

Kilimani tuna utaratibu wetu. Mtandao wa pale ni mwembamba, kwa hiyo mwenye jambo zito anasema, na wengine wote wanazima data mpaka amalize. Anayesimamia ni Niyomwungere, muuza migebuka, wale samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni raia wa hapa, na kwa maneno hana mpinzani.

"Zimeni! Msomi anatuma!" akapaza sauti. "Na wewe wa video za mpira, zima! Hilo goli utalikuta palepale!"

Wakazima wote. Kilima kikawa kimya.

Nikajaza. Jina, kijiji, umri. Picha. Karatasi. Nikabonyeza TUMA.

Kimstari cha kijani kikaanza kutambaa. Odilia akashika rozari yake akaanza kusali kwa sauti.

Mstari ulipofika katikati, ukafutika.

"Muda umekwisha. Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Ikakata. Tukapanda kesho yake asubuhi, ukungu umejaa. Ikakata. Tukapanda mchana wa jua kali. Ikakata.

"Mzee Bazilio," Niyomwungere akaniambia, "labda hiyo simu inataka kustaafu."

"Simu yangu nzima. Ni mtandao wenu huu."

"Wetu? Mtandao nimeuzaa mimi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nyuma yangu walikuwepo wazee wengine wenye macho kama ya Odilia, na fomu zao zilikuwa zinakatika vilevile.

Chini ya tovuti palikuwa na namba ya msaada. Nikapiga. Akapokea kijana wa Dar, akajitambulisha kwa jina la Saady, ndiye fundi wa tovuti.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Tovuti yako inanikata."

"Ngoja niicheki. Mbona huku inafunguka fasta! Tatizo ni network ya huko, mzee. Punguza ukubwa wa picha."

"Nimepunguza. Ikasema picha haisomeki, niweke iliyo safi."

"Daah! Basi sogea mjini."

Nikasogea. Nilipanda basi hadi Kasulu, nikakaa jirani na stendi, bodaboda zinanipigia honi. Mji mzima uko hewani kwa wakati mmoja. Ikakata.

Niliporudi nilikaa kizingitini bila kuvua viatu. Nilijiona mjinga, na ujinga ni kitu nilichokuwa nimehangaika sana kukiacha.

Odilia akasema, "Baba Nathaniel, ile kitu haikati ovyo."

"Kivipi?"

"Kila ukibonyeza mimi nasali. Inakata Salamu Maria ya tatu, kabla sijafika Amina. Siku ya ukungu ya tatu, siku ya jua ya tatu. Mtandao ukisumbua si ungekata popote?"

Nikamtazama. Hakuniona nikimtazama.

Tukapanda tukapima. Ya tatu. Tukarudia, data zote zikiwa zimewashwa. Mstari ulienda mfupi zaidi, lakini ulikatika ya tatu.

Nikampigia Saady. Mwanzoni alicheka. Kisha nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta.

"Mzee wangu, nisamehe," akasema. "Mashine yetu inampa kila mtu nusu dakika amalize kutuma. Asipomaliza, inamkata. Tuliiweka hivyo kuzuia wahuni wanaoshikilia mlango hawaingii, hawatoki. Huku mjini hakuna anayefikisha nusu dakika. Sikuwahi kuijaribu kwa simu ya huko."

"Sasa?"

"Nimerekebisha. Ikiona bado unatuma, hata kidogokidogo, itakusubiri. Jaribu."

"Zimeni!" akaita Niyomwungere, safari hii bila utani.

Nikabonyeza. Odilia akasali. Ya tatu ikapita. Ya nne. Ya tano. Kilima kizima kikawa kinasali naye, hata wasio Wakatoliki.

"Hongera. Maombi yako yamepokelewa."

Niyomwungere alinikumbatia na harufu yake yote ya samaki. Odilia akauliza, "Imeandika nini?" Nikamsomea. Mstari wa mwisho nikausoma mara mbili.

"Kituo chako: Morogoro. Fika kesho saa moja asubuhi."

Nikapiga tena simu. "Saady, mmekosea. Sisi ni Kasulu. Morogoro kwa basi ni zaidi ya siku nzima."

"Mzee... ngoja niulize ofisini."

Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kambi ya Kasulu imefutwa. Wakubwa waliangalia takwimu. Walioanza fomu huko walikuwa wengi, aliyemaliza hakuna. Mfumo ukikata mtu unamwandika kwamba ameghairi mwenyewe. Wakaona huko hakuna uhitaji, wakahamisha madaktari."

"Wewe umejua lini?"

"Sasa hivi, mzee. Wallahi. Nimewaeleza, wanasema vifaa vimeshafungwa. Waandikie malalamiko. Kuna fomu kwenye tovuti."

Nikakata simu.

Nilipowaeleza wenzangu, wazee walichukua fimbo zao, wakashuka mmoja mmoja.

Kwako unayetengeneza vitu vya kutumiwa na watu: nenda ukavijaribu walipo wao, ukiwa na simu kama zao. Na ukiona mtu hajafika, usiandike kwamba hakutaka kuja.

Nyumbani nilichukua kalamu na karatasi. Nikaandika kwa wakubwa wa taasisi ile mambo yote, bila tusi hata moja.

"Niandikie na langu," akasema Odilia.

"Sema."

"Sikughairi."

"Basi?"

"Basi."

Nikaliandika peke yake, katikati ya mstari. Akanipokonya bahasha, akaulamba ukingo wake yeye mwenyewe, akaupapasa mpaka akaridhika umeshika. Asubuhi tukashuka wote posta Kibondo. Nikampa karani. Akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la Dar.