Pampu Mpya Nayo Ikagoma

Dulmaa hakusomea magari. Alisomea simu, enzi zile makao ya wilaya yalipokuwa na nyumba moja tu ya simu, na yeye ndiye aliyekaa ndani akichomeka na kuchomoa nyaya, akiwaunganisha wachungaji na jamaa zao wa mji mkuu, Ulaanbaatar. Aliyasikia mengi mle na hakuna lililovuja. Simu za mkononi zilipofika nyikani ile nyumba ikafungwa, naye akabaki na kisanduku cha vifaa na mazoea ya kufuata waya mpaka mwisho wake. Mumewe, Chimed, alikuwa dereva. Madereva wenzake wakaanza kumletea Dulmaa magari yaliyokataa kuwaka taa au kupiga stata, mmoja mmoja, mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa mtu wa simu.

Chimed alipofariki kwa maradhi ya ini, Dulmaa alilitoa gari lake kwa mdogo wa marehemu, Sanjaa, aliyekuwa na farasi wengi na njia mbovu ya kufika kwake. Lilikuwa gari la Kijapani la petroli, kongwe, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tangu siku hiyo Dulmaa hakulipanda tena. Watu walidhani ni majonzi. Yeye alisema viti vyake vinaumiza kiuno.

Kiangazi hicho gari likaanza kuzima. Linakwenda vizuri, linapanda mlima, kisha linakohoa mara mbili tatu na kunyamaza kimya. Ukilisubiri, au ukilibamiza mlango kwa hasira, huenda likawaka. Sanjaa akalileta kwa shemeji yake.

Dulmaa aliwasha swichi na kutega sikio. Pampu ya mafuta, iliyo ndani ya tangi, ilipaswa kuvuma kidogo kama nyuki ndani ya chupa. Haikuvuma. Akachukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akabana waya mmoja kwenye chuma cha bodi ya gari na kugusisha mwingine pale umeme unapoingilia pampu. Balbu ikawaka vizuri.

"Umeme unafika," akasema. "Pampu ndiyo imekufa."

"Una hakika, shemeji?"

"Taa haina sababu ya kunidanganya."

Sanjaa akaagiza pampu kutoka mjini. Dulmaa akaifunga, ikavuma, wakanywa chai ya maziwa na chumvi, wakaagana.

Haukupita muda mrefu, Sanjaa akarudi akiwa amevutwa kwa kamba na lori la sufu. Alishuka polepole, akavua kofia, akaizungusha mkononi.

"Shemeji, pampu yako nayo imekufa."

"Pampu yangu? Si yako?"

"Ilipokuwa nzima ilikuwa yangu. Sasa imekufa ni yako."

Dulmaa akazungusha ufunguo ili aone. Gari likawaka mara moja, likanguruma pale uani kama halijawahi kukosea maishani mwake. Dereva wa lori akacheka mpaka akakohoa.

"Linakuogopa," Sanjaa akasema. "Hata kaka yangu alikuogopa. Basi sikiliza. Kesho tunakwenda kumkata mjukuu wangu nywele zake za kwanza, ng'ambo ya mlima. Utapanda na sisi. Likizima, lizimie mbele ya macho yako."

Dulmaa angeweza kukataa. Lakini ni yeye aliyesema pampu imekufa, na neno lake lilikuwa ndilo duka lake. Asubuhi akaingia na kisanduku chake, akaketi kiti cha mbele bila kuangalia huku wala huku. Yanjmaa, mke wa Sanjaa, alikaa nyuma na vikapu vya mikate ya kukaanga na mafuta ya mkia wa kondoo. Buti lilijaa mapipa ya plastiki yenye airagi, maziwa ya farasi yaliyochachuka, maana hakuna mtu wa kwao anayekwenda kwenye sherehe ya nywele mikono mitupu.

Lilizima chini kidogo ya kilele, kwenye mawe matupu.

"Haya," Sanjaa akasema. "Mgonjwa wako huyo."

"Unafurahi, wewe? Umekwama pamoja nami."

"Nafurahi kidogo tu."

Dulmaa akafungua boneti. Akaweka kidole juu ya rilei, kile kiboksi kinachofungulia pampu umeme, akamwambia Sanjaa awashe swichi. Kiboksi kikaruka chini ya kidole chake. Kizima. Akaagiza mapipa yashushwe. Sanjaa akayashusha akilalamika kila pipa kwa jina lake, na zulia la buti lilipokunjwa, harufu ya kuchacha ikawapiga wote usoni.

"Mama wee," Yanjmaa akasema. "Humu mmefuga nini?"

Chini ya zulia kulikuwa na kifuniko cha tangi na plagi ya pampu. Dulmaa akaichomoa, akapima kama alivyopima nyumbani, waya mmoja wa taa kwenye bodi, mwingine kwenye umeme. Ikawaka.

"Si ndivyo ulivyopima siku ile?" Sanjaa akauliza.

Dulmaa alikuwa ameinama pale, na kilichomjia ni jambo ambalo enzi za simu alilisema kila mwaka kwa kila mwanagenzi: sauti haiendi kwa waya mmoja, inataka wa kwenda na wa kurudi. Alipima njia ya kwenda. Njia ya kurudi hakuipima kabisa. Aliipa taa njia ya mkato ya kurudia, kwenye bodi yenyewe. Akauhamisha ule waya kutoka kwenye bodi, akaugusisha kwenye tundu la pili la plagi, pale umeme wa pampu unaporudia. Balbu ikafifia, ikabaki nyekundu kama sigara inayokaribia kuisha.

Akainua kichwa.

"Sanjaa. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima."

"Nzima vipi?"

"Nzima. Mimi ndiye niliyekosea. Siku ile nilipofunga mpya nilizitikisa nyaya, zikagusana, ndiyo maana ikavuma. Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimempa mtu wa vyuma chakavu. Kanipa kopo la rangi."

"Rangi gani?"

"Ya buluu." Akajikuna shingo. "Nzuri, lakini."

Yanjmaa akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa kilemba chake.

Dulmaa akaufuata waya wa kurudi kwa vidole, chini ya zulia, hadi kwenye kona ambako pipa la airagi lilikuwa likivuja. Hapo ulikuwa umekatwa na kuungwa kwa kusokotwa tu, ukafungwa plasta ya kidonda. Plasta ilikuwa imeoza. Shaba ndani yake ilikuwa kijani, na boliti iliyoushika kwenye bodi ilikuwa imevimba kutu. Aliijua ile plasta. Ilitoka kwenye droo ya jikoni kwake.

"Kazi ya kaka yako," akasema.

"Marehemu hasemwi vibaya."

"Basi kazi ya mume wangu. Mimi nitamsema."

Alikumbuka Chimed akifunga spika kubwa buti zima, akizuia mtu yeyote kusogea. Bila shaka aliukata waya kwa bahati mbaya, na akaona afadhali kuunga mwenyewe kuliko kumwambia mkewe. Alikaa kitako kwenye ukingo wa buti, mikono magotini. Upepo ulikuwa baridi. Hakulia, ila alikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika, na wale wawili wakamwacha.

Kisha akafanya kazi. Akakata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya kutoka kisandukuni, akakwangua bodi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza boliti. Grisi hakuwa nayo. Akamwomba Yanjmaa kipande cha mafuta ya mkia, akayapaka juu ya kiungo kuzuia unyevu. Akapima tena kwa matundu yote mawili. Balbu ikawaka hasa. Plagi iliporudi mahali pake, pampu ikavuma.

Walifika nywele zimeshaanza kukatwa. Mtoto alipitishwa magotini pa wageni, kila mmoja akikata kishungi kimoja; Dulmaa akakata chake, akambusu utosini. Sanjaa aliwasimulia watu kisa kizima na kukitia chumvi, rangi ya buluu ikawa makopo matatu, na Dulmaa akamwachia. Mtu mmoja akamuuliza kama ni kweli alikosea.

"Kweli," akasema, akapokea bakuli la airagi.

Siku hizi, mtu akimletea gari, hupima njia zote mbili, na kama hajui husema hajui. Wengine hawapendi. Wanataka fundi mwenye hakika, nao wamehamia kwa kijana wa karibu na kituo cha mafuta, ambaye ana hakika siku zote. Sanjaa bado humletea yeye.