Kaa Wachafu wa Mama Povu

Jua halijachomoza sawasawa, na Mama Povu ameshapiga magoti kwenye tope la ukingo wa bwawa, sketi imekunjwa, mikono imezama hadi viwiko. Anavuta mtego wa waya, anaufungua, anamshika kaa mmoja kwa nyuma, pale magando yasipofika. Anamgeuza. Kwa kidole gumba anambonyeza tumboni, karibu na mguu wa mwisho.

Kidole kinadidimia kidogo.

"Huyu bado," anasema, akimrudisha majini. "Sura anayo, lakini ndani hamna mtu."

Anamchukua mwingine. Gamba lake limefifia, lina ukoko wa kijani na kombe ndogo za baharini zimejijengea mgongoni bila kuomba ruhusa. Anabonyeza. Kidole kinagota. Huyu anaingia kikapuni.

Kikapu cha leo hakina ruhusa ya kukosea. Mpishi wa mgahawa mmoja mkubwa mjini, mteja wake pekee wa uhakika, amempa nafasi ya mwisho. Akiwakataa kaa hawa, nyumba ya Mama Povu itapoteza zaidi ya nusu ya mapato yake, na mabwawa mawili yaliyochimbwa kwa majembe ya mke na mume yatabaki mashimo ya maji ya chumvi.

Mama Povu amevuka miaka hamsini. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa akifua nguo za watu nyumba hadi nyumba. Vidole vilipoanza kumsaliti, mumewe, fundi mwashi ambaye naye kiuno kilikuwa kimegoma, akaleta wazo la kufuga kaa. Wangenunua kaa wadogo kwa wavuvi, wawaweke kwenye mabwawa yanayopokea maji ya bahari yanapojaa, wawalishe mpaka wakue.

"Aliponiambia nilidhani ana homa," anakumbuka Mama Povu. "Nikamuuliza, baba watoto, kaa mwenyewe anatembea upande upande. Utamfugaje mnyama asiyejua anakokwenda?"

Mumewe ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakata matumbo ya kuku kwa kisu butu. Hainui macho. "Wewe nilikuoa ukiwa hujui unakokwenda. Mbona tumefika?"

Kuhusu chakula, wawili hawa hawajawahi kusikilizana. Ndiyo maana mabwawa ni mawili. Mume hulisha lake matumbo ya kuku anayopewa machinjioni. Mke hulisha lake vichwa vya samaki na konokono wa majini, anaowaponda kwa jiwe huku akiimba nyimbo za ibada. Tuta linalotenganisha mabwawa hayo limesikia maneno mengi.

"Kaa wake ni wa jalalani," anasema mke.

"Wa kwake wanakula kama wageni wa harusi, na bado wembamba," anajibu mume.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mpishi aliwapima kaa wao, akatabasamu, akanunua kikapu kizima. Tatizo lilianzia sufuriani. Siku moja alimpigia simu Mama Povu, na sauti yake haikuwa ya salamu.

"Mama, unaniletea maji yaliyovaa gamba. Mteja wangu amevunja gando, yametoka maji na nyuzi mbili za nyama. Ameniuliza kaa mwenyewe yuko wapi."

Kaa aliyefuata naye alikuwa hivyo hivyo. Na kikapu kilichofuata. Mpishi, mtu mstaarabu, hakugombana. Alisema tu kwamba atapokea kikapu kimoja zaidi. "Kikiwa kama hiki, tuagane kwa amani."

Nyumbani, amani ilikuwa haba. Mume alilaumu konokono. Mke alilaumu matumbo. Mama Povu aliliweka jambo hilo kwenye sala ya asubuhi na ya jioni, akimtaja kila kaa isipokuwa wa mumewe, mpaka dhamiri ikamchoma, akawajumuisha na wao.

Jibu lilikuja kwa njia ya mgeni. Mtafiti wa chuo cha uvuvi, binti mrefu mwenye mabuti ya mpira, alikuwa akizungukia wafugaji na swali moja: je, namna kaa anavyofugwa inabadilisha lishe anayoipata mlaji? Aliposikia habari ya mabwawa mawili na vyakula viwili, macho yake yaling'aa.

"Msisuluhishwe kwanza," aliwaambia akicheka. "Mnafaa hivyo hivyo."

Aliomba kaa kutoka kila bwawa. Nusu wachukuliwe mtegoni bila kuchagua. Nusu nyingine wachaguliwe na Mama Povu mwenyewe, wale ambao angempelekea mpishi. Akawabeba wote hadi maabara.

Aliporudi, alikaribishwa jikoni. Mume alivuta kiti karibu.

"Mwalimu, usituzungushe. Nani ameshinda?"

"Baba, kaa wako wanakua haraka, na wana mafuta zaidi."

Mume alimtazama mkewe kwa dharau tamu ya mtu aliyengoja siku nyingi.

"Lakini wa mama," aliendelea mtafiti, "wana zaidi yale mafuta ya asili ya baharini, yanayosifiwa kwa faida yake kwenye moyo na ubongo. Kaa anabeba alichokula. Akila vitu vya majini, vinaonekana mwilini mwake. Akila kuku, na kuku anaonekana."

Sasa mke ndiye aliyepiga makofi. Mtafiti akainua mkono.

"Bado. Hilo silo linalomkera mpishi. Waliokuwa na maji mengi na protini kidogo kuliko wote, kwenye mabwawa yote mawili, ni wale aliowachagua mama."

Akamgeukia Mama Povu.

"Uliwachagua kwa kuangalia nini, mama?"

"Niliwachagua wasafi," alisema Mama Povu. "Wanaong'aa. Nimpelekee mtu chakula kichafu, mwanangu?"

Mtafiti akaeleza taratibu. Gamba la kaa halikui pamoja naye. Likimbana, analivua na kutoka akiwa laini kama mkate uliolowa. Hunywa maji mengi ili kulitanua gamba jipya, kisha gamba hukauka likiwa kubwa na safi. Kwa nje ni kaa mkubwa. Ndani amejaa maji, na anahitaji wiki kadhaa za kula vizuri ili nyama ichukue nafasi ya maji hayo. Kaa mchafu, mwenye ukoko na kombe mgongoni, ni yule ambaye amekaa ndani ya gamba lake muda wa kutosha kulijaza.

Kwa hiyo, kila kikapu, Mama Povu alikuwa akichambua kwa uangalifu na upendo wote, akiwauza watupu na kuwarudisha majini walioshiba.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema sasa. "Mikono hii imefua miaka yote hiyo. Inajua kitu kimoja tu, kwamba safi ndiyo nzuri. Nilimwomba Mungu anipe kaa wakubwa na wasafi, akanipa vilevile nilivyotaja. Kuomba wawe na kitu ndani, nilisahau."

Mumewe hakucheka sana. Alikwenda bwawani, akamgeuza kaa mmoja, akambonyeza kama anavyobonyeza ukuta mpya. "Lipu mbichi inakubali kidole," alimwambia mkewe. "Iliyokauka inakataa. Hebu tujaribu na hawa." Mtafiti alithibitisha kwamba hata wanunuzi wazoefu hubonyeza hivyo hivyo.

Ndivyo kikapu cha leo kilivyopatikana. Ni kikapu cha kutisha. Magamba ya kahawia, ukoko wa kijani, magando yenye mikwaruzo ya ugomvi. Mama Povu amejizuia kwa nguvu asichukue brashi.

Kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa, mpishi anafunua gunia bichi lililofunika kikapu na kurudi nyuma hatua moja.

"Mama! Hawa umewatoa bwawani au kaburini?"

"Chemsha kwanza, mpishi. Matusi utanipa nikiwa nimekaa."

Mpishi anamchagua mbaya kuliko wote, anamsugua chini ya bomba, anamtumbukiza kwenye sufuria. Mama Povu anabaki wima karibu na sinki, midomo ikicheza kwa sala isiyo na sauti. Kaa anageuka mwekundu. Mpishi anamtoa, anamwacha apoe kidogo, anapiga gando kwa mgongo wa kisu.

Maji hayatoki. Nyama inachomoka kipande kimoja, na umbo lake ni la gando lenyewe.

Mpishi anaonja. Anavunja gando la pili, analimaliza pia, kisha anafungua gamba na kuyatazama mafuta ya rangi ya chungwa.

"Nilisikia mna mabwawa mawili. Huyu ni wa nani?"

Mama Povu anajua jibu. Kaa huyu, aliyekuwa na kipara kwenye ukoko wake upande mmoja, ametoka bwawa la matumbo ya kuku.

"Ni wa kwetu," anasema.

"Basi niletee kikapu kama hiki kila wiki."

"Hapana."

"Hapana?"

"Wakijaa nitaleta. Wasipojaa, sitaleta."

"Na menyu yangu je, mama? Nimeshaipiga chapa!"

"Jina la kaa liandike kwa chaki, ulifute wasipokuwepo."

Mpishi anacheka, anatikisa kichwa, na kuanza kuwahamisha kaa mmoja mmoja.

Mchana huohuo, mumewe anapima ardhi kwa kamba kando ya tuta. Wanataka kuchimba bwawa la tatu, dogo, la kaa waliotoka kujivua magamba, wakae humo kwa nafasi bila kuliwa na wenzao mpaka wajae. Chakula cha humo bado kinabishaniwa. Mume anataka matumbo, mke konokono, na mtafiti amewaomba wajaribu kuvichanganya, kisha atakuja kuwapima tena. Hata yeye hajui watatokaje.

"Mimi sitaki makubwa," anasema Mama Povu, akishika ncha ya kamba. "Natamani mtu avunje gando, aangalie ndani, halafu anyamaze ale."