Kiazi cha Chokea

Mimi nauza dawa Makambako. Mteja akija na chokea, namwambia alikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, asilitumbue, na likizidi aende hospitali. Nimeyasema hayo mpaka nimechoka kujisikia. Lakini lilipoota langu mwaka huu, jicho la kushoto, nilifunga duka Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Njombe. Nilimtaka mama na kiazi chake.

Utotoni mwenye chokea alichekwa na ndugu zake kwamba kachungulia watu wakioga. Nilichekwa sana, tena nikisingiziwa. Mama hakuuliza kitu. Alichagua kiazi kimoja cha moto kwenye sufuria, akakifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akakiweka kwanza kwenye kope lake mwenyewe. Kikimchoma, alingoja. Kisipomchoma ndipo alinikanda mimi, uso wake karibu kabisa na wangu, akinitazama mimi tu. Tulikuwa watoto saba; kutazamwa hivyo hukukupata siku nyingine. Nakiri yapo machokea niliyoyafurahia.

Sasa mama haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, akanyamaza ili asitusumbue, na mimi muuza dawa sikugundua. Hilo sijajisamehe.

Alifurahi kusikia nimekuja na chokea, kana kwamba nimemletea zawadi. Viazi vilikuwa tayari jikoni. Akaniuliza jicho lipi, nikamwambia la kushoto. Aliketi kwenye kigoda mbele yangu, akakijaribu kiazi kwenye kope lake la kushoto, kisha akanyoosha mkono huohuo moja kwa moja. Kiazi kikatua kwenye jicho langu la kulia, lile zima.

Nilifungua mdomo nimrekebishe, nikaufunga. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama zamani, ila macho yalielekea begani kwangu. Nilitamani anitazame, hata mara moja tu. Kiazi kilipopoa alipapasa kope kwa kidole gumba, taratibu, akatabasamu.

“Limeshakwisha, mwanangu. Hata uvimbe siusikii.”

Upande wa pili chokea lilikuwa linapwita.

“Bado linauma kidogo, mama,” nilimwambia.

Akageukia sufuria, akapapasa kutafuta kiazi kingine, nami nikasogeza kigoda changu karibu zaidi.