Geti Nililomfungia Bibi Margareta

Kwa miezi saba niliomba bibi wa watu afe.

Tena nilikuwa naomba kwa jina la Yesu. Magoti chini, macho nimefumba, kama mtu anayeomba mvua.

Bibi mwenyewe hakuwahi kunikosea. Aliitwa Margareta, miaka themanini na kitu, moyo umechoka, miguu imevimba. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimzaa Ildefonce.

Mimi naitwa Davis. Ni mtu wa Uru, mlimani juu ya Moshi, nalima kahawa na ndizi, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Hii habari sijasimuliwa na mtu. Ni yangu, na inanitia aibu, lakini leo naitoa.

Tulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Najua ukisikia kitongoji unaona kitu kidogo. Kwetu ulitupasua katikati kama gogo.

Watu waliokuwa wanaazimana jembe wakaacha kusalimiana. Wengine wakawa wanatembea mpaka kijiji cha pili kununua chumvi, ili tu wasinunue kwa mtu wa upande ule. Kwaya yetu pale usharikani ikavunjika, besi wote wakahamia benchi la nyuma. Kwa Wakatoliki nako vilevile.

Mgombea wetu akashinda. Ildefonce, jirani yetu, akaanguka kwa kura kumi na moja.

Wiki tatu baadaye baba yangu, mzee Ebenezeri, akafariki hospitalini mjini.

Sasa, njia ya gari ya kufika kwetu inapita kwenye kihamba cha Ildefonce, shamba lao la ukoo. Imepita hapo tangu enzi za babu. Siku ya mazishi gari likapanda na mwili kutoka Moshi, likafika pale, likasimama.

Mti mzima umelazwa katikati ya njia. Umekatwa asubuhi hiyo hiyo, unga wa msumeno bado mweupe chini.

Ildefonce amesimama pembeni, mikono mfukoni.

Mchungaji akamsogelea kwa upole. "Bwana Ildefonce, tuna msiba."

"Naona," akajibu. "Kihamba ni changu. Piteni kwa aliyeshinda."

Aisee.

Tukapita korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, udongo kama sabuni. Tulikuwa watu sita chini ya jeneza. Mmoja akateleza, likatuponyoka.

Nilisikia mwili wa baba ukigonga mbao kwa ndani.

Sauti ile, ndugu zangu, usiombe uisikie.

Mama yangu, Yuditha, akainama, akafuta tope kwa kitenge chake. "Nyanyueni," akasema. Basi. Hakuongeza neno.

Mimi niliongeza. Nilisema kwa sauti, watu wakisikia: "Ildefonce, na wewe utazika."

Hayakuwa maneno tu. Baba yake Ildefonce alizikwa kwenye kihamba chao cha zamani, kule chini. Bibi Margareta akifa, lazima alale ubavuni kwa mumewe. Na njia ya kwenda kule inapita wapi? Kwenye migomba yangu.

Nikashuka mjini, nikachomelewa geti la chuma. Nikamwaga zege, nikasimamisha nguzo, nikafunga kufuli la ukubwa wa ngumi. Huku na huku nikazungusha seng'enge.

Mama akaja kuangalia. "Davis, hilo geti la nini?"

"Ng'ombe wa watu wanaharibu migomba, mama."

"Ng'ombe gani hao wanaobeba jeneza?"

Nikaendelea kukaza seng'enge.

Kazi iliyobaki ilikuwa kusubiri. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, Julius, ndiye alikuwa anampeleka bibi kliniki. Kila nikimkuta namuuliza, "Bibi anaendeleaje?"

"Leo amekula kidogo, anacheka kabisa."

Siku hiyo chakula kinanishinda.

"Una moyo wewe, Davis," Julius akaniambia mara moja. "Upande wenu hakuna mwingine anayemuulizia."

Kanisani ikifika Sala ya Bwana, ule mstari wa kuwasamehe waliotukosea nilikuwa nafunga mdomo. Wenzangu wakimaliza, naendelea nao. Sikutaka kumdanganya Mungu.

Nilishafanya hadi mazoezi ya maneno. Watafika na jeneza, Ildefonce ataniangukia, nami nitamwambia taratibu: "Naona. Kihamba ni changu."

Jumanne moja kengele ya parokia ikalia. Bibi Margareta amefariki.

Nilicheka peke yangu zizini mpaka ng'ombe akageuka kuniangalia.

Jumamosi, siku ya mazishi, mama akatoka amevaa nguo nyeusi.

"Unaenda wapi?"

"Msibani."

"Kwa wale, mama? Kwa wale?"

"Kwa Margareta," akasema, akaenda.

Saa nane mchana nilikuwa getini. Shati jeupe, ufunguo mfukoni. Nikawasikia wanaimba, wanakuja. Moyo unanidunda kwa raha.

Wimbo ukakaribia. Halafu ukaanza kushuka.

Ukashukia upande wa korongo.

Nikakimbia mpaka ukingoni nichungulie. Ni kweli. Jeneza liko kule chini kwenye tope, Ildefonce amelishika mbele, suti yake nyeusi imekuwa nyekundu mpaka magotini. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna hata aliyekuja kuniomba njia.

Sitawadanganya, sikusikia huruma. Nilisikia hasira. Wananiibia siku yangu!

Nikarudi, nikafungua kufuli, nikalisukuma geti mpaka mwisho. "Ildefonce!" nikapiga kelele. "Njia hii hapa! Nimefungua! Piteni huku!"

Akainua uso. "Mama mwenyewe alikataa," akasema, akilitazama jeneza.

Mama yangu alikuwa nyuma yao, anatembelea fimbo. Akanyanyua macho kwangu.

"Ijumaa zote nilizokuwa nakuaga naenda sokoni, nilikuwa kwa Margareta," akasema. "Nampelekea mtori wa ndizi, tunasali. Walimficha mambo ya siku ile. Aliponiuliza baba yako alipita wapi, nikamwambia. Akamwita mwanawe mbele yangu, akasema: 'Mlikompitisha Ebenezeri, nami nipitisheni huko huko.'"

Mara mtu mmoja akateleza. Jeneza likalala upande.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka bega langu likiwa chini ya mbao, na pumzi ya Ildefonce shavuni kwangu. Tulikuwa tumebanana kama ng'ombe wawili kwenye nira.

Akasema polepole, wengine hawakusikia:

"Hili ndilo lenyewe, Davis. Lile lenu lilikuwa la mgomba."

Nikalikaza bega, tukaendelea.

Sasa niwaambie nilichowaficha tangu nimeanza.

Siku ile tuliposhinda uchaguzi, vijana tulikata shina la mgomba, tukalichonga kama jeneza. Tukaandika jina la Ildefonce kwa mkaa. Tukalibeba mabegani mpaka uani kwake, tukiimba nyimbo za kuaga maiti. Tulicheka sana.

Bibi Margareta akatoka ndani. Mwanawe alikuwa bado hajarudi kutoka kituo cha kura. Akasoma lile jina. Hakujua ni utani wa siasa. Alijua ameletewa mtoto wake.

Alianguka pale pale mlangoni. Ule moyo niliowaambia umechoka, sisi ndio tuliouchosha.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kusema pole.

Kaburini, padre alipomaliza, nikaomba nafasi. Nikavua kofia. Nikasema mbele ya pande zote mbili: "Lile jeneza la mgomba nililibeba mimi. Bibi huyu tulimwangusha sisi. Naomba mnisamehe."

 

Ildefonce hakunikumbatia. Haya mambo si ya sinema. Aling'oa sepeto kwenye udongo, akanipa.

"Fukia upande huo," akasema. "Mimi nitafukia huu."

Tukafukia.

Leo kitongoji chetu bado hakijapona. Wapo wa upande wangu wanaoniita msaliti. Lakini besi wawili wamerudi mahali pao, na Ildefonce tunasalimiana, siku nyingine kwa shida.

Kwa hiyo wewe unayesoma, najua una mtu wako. Aliyekufungia njia, aliyekutukana kwenye kundi la simu, aliyesherehekea ulipoanguka. Sikuambii hakukuumiza. Kakuumiza kweli. Na sikuambii kusamehe ni rahisi, hata Bwana wetu alisamehe akiwa na misumari mikononi.

Nakuambia hivi tu: ukisimulia ubaya wa jirani yako, usianzie siku aliyokuumiza. Rudi nyuma kidogo.

Mimi nilirudi wiki tatu tu. Nikajikuta niko mbele ya wote, nimebeba, naimba.