Kikosi cha Mnyapara

Mume wangu Sadala alikosa kazi kwa sababu ya mtu wa kwenye televisheni, na sioni haya kulisema hivyo. Hapa Manundu watu wanaisimulia habari hiyo kwa mzaha. Mimi niliyekuwa nakaanga chapati mlangoni mwa banda la gemu, nikaiona mwanzo hadi mwisho, sijapata bado nafasi ya kuicheka.

Sadala ni Mzigua wa Sindeni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge nje ya Korogwe. Kazi yake ilikuwa kuita majina alfajiri na kupanga nani aende kukata, nani abaki kwenye korona, ile mashine inayokamua majani mpaka zibaki singa, na nani apumzike. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji wanyapara wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na daftari lake la zamu. Miaka miwili akawa anaamka saa kumi na moja, anavaa viatu, anakaa kibarazani. Mwanamume akikaa kibarazani na viatu miguuni miaka miwili, mkewe ana haki ya kununa.

Mwenye banda la gemu ni Hiza, mtu wa Dindira aliyeacha shamba la chai la baba yake akaleta televisheni tatu mjini. Mwaka ule alikuwa anafungua banda la pili Mombo, mabasi yanaposimama, na alitaka msimamizi. Walioomba ni wawili: Sadala, na Isihaka, kijana mpiga debe wa stendi. Hiza anapenda mchezo kuliko anavyopenda kufikiri. Kulikuwa na gemu moja ya mieleka ambayo hupigani wewe, wewe ni bosi. Mnachagua wanamieleka kwa zamu, huyu wako, yule wangu, mpaka kila mmoja ana kikosi cha watu kumi. Kisha kila wiki ya mle ndani ya gemu unapanga nani apambane na nani, wanapigana wenyewe, na mashine inakuonyesha umepata mashabiki wangapi.

"Kazi ya Mombo ni kusimamia watu," Hiza akawaambia. "Haya, simamieni hawa wiki kumi na mbili. Mwenye mashabiki wengi anachukua funguo."

Nilimfuata nikamwambia huo ni utoto. Akacheka, akanunua chapati mbili.

Siku ya kuchagua, Sadala alianza, na nakiri alianza vizuri. Alilichukua jitu moja la kipara, lenye nguvu kuliko wote, halina maneno. Baada ya hapo akaniharibia siku. Kila mwanamieleka alipotajwa, Sadala alimwomba Hiza amsomee sifa zake, na akisikia huyu ni mkorofi, huyu hupiga watu viti, huyu humtemea mwamuzi mate, anatikisa kichwa. Wakorofi wote wakaenda kwa Isihaka, naye akawapokea kama abiria wa Tanga. Mume wangu akabaki na watu wapole tisa na kipara wake.

Majina ya Kizungu yalimshinda, kwa hiyo akawaandika daftarini kwa majina ya watu wa shambani. Kipara akawa Paulo. Paulo mwenyewe tulimfahamu, ndiye aliyekuwa akilisha korona kabla haijamla vidole vinne.

Wiki tano za kwanza zilikuwa aibu tupu. Watu wa Isihaka walitukanana, wakavamiana mlangoni, mashabiki wakajaa. Watu wa Sadala walipigana vizuri, wakapeana mikono, wakaenda zao. Nilikuwa naunguza chapati kwa hasira. Nikamwambia, "Baba Maryamu, wagombanishe hao watu. Wewe huoni mwenzio?"

Akanijibu kwamba ametumia miaka kumi na tisa kusuluhisha ugomvi, hawezi kuanza kuupika uzeeni. Nilitamani nimpige kwa mwiko.

Lakini gemu ile ilikuwa na jambo ambalo Isihaka alilipuuza. Kando ya kila jina kulikuwa na alama ya nguvu: kijani, njano, halafu nyekundu. Isihaka alipanga watu wake kila wiki bila kuwapumzisha, na kuanzia wiki ya sita wakaanza kuumia, mmoja goti, mwingine shingo. Sadala alikuwa na daftari. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kupumzika, na zamu ikifika hapangwi, hata kama ukumbi unamlilia. Mashabiki wakaanza kuhamia kwake. Wiki ya kumi na moja ilipokwisha alikuwa mbele kidogo, na wanawake wa sokoni wakawa wananiita mama meneja. Nami nikaitikia, mjinga mimi. Nilishamwambia mwanangu Maryamu aanze kufunga vyombo vya kuhamia Mombo.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya onyesho kubwa, na mashabiki wake walihesabiwa mara mbili. Ilichezwa Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, banda limejaa mpaka dirishani. Isihaka akawapanga wakorofi wake wote, wazima na wagonjwa, wengi wakiwa na alama nyekundu. Ikafika zamu ya Sadala. Alama ya Paulo nayo ilikuwa nyekundu, na daftari lilisema wiki hiyo ni mapumziko yake.

Hata Hiza alimhurumia. Alimwambia mzee ampange tu, ndiyo siku ya mwisho, hata akiumia hakuna wiki nyingine. Sadala akaitazama ile picha ya kipara kwa muda mrefu, kisha akaliruka jina lake, akampanga mwingine.

Kwetu mke hamsemeshi mumewe hivyo mbele ya watu, lakini niliacha kikaango nikaingia ndani. "Mpange huyo mtu," nikasema. Akafunga daftari.

Ukumbi ukajaa kwa Isihaka. Kwetu walikuja wachache, na wengine wakaondoka kabla ya mwisho. Isihaka alipopewa funguo alimwamkia Sadala shikamoo huku akiangalia chini, na Sadala akamshika mkono vizuri kabisa, kama wale wanamieleka wake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitangulia mbele nikisema. Nilisema kuhusu kibaraza, kuhusu viatu, kuhusu chapati zinazotulisha sote. Nilimwambia kwamba yule si mtu, ni taa na rangi, haumii, hana mke, hana mama. Yeye alinifuata nyuma mpaka tukafika. Akakaa, akavua viatu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana tangu aachishwe kazi.

"Siku ile ilikuwa zamu yake ya kupumzika," akasema.

Nikamuuliza ya nani.

"Paulo. Alikuja akaniambia hakulala, mtoto alikuwa na homa. Nikamwambia lori linasubiri singa, aingie tu, ni siku moja."

Miaka saba nilikuwa najua kwamba Paulo alikatwa kwa uzembe wake, maana ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo shamba zima lilivyosema. Nilimpelekea uji hospitali, tukiwa wawili, mimi na mume wangu. Nilikaa kitandani kwake nikamgombeza kama dada, kwamba mtu mzima anasinziaje mbele ya mashine, hana huruma na watoto wake. Paulo akamtazama Sadala. Na Sadala alikuwa amesimama pale pale, ameshika kifuniko cha bakuli langu, hakusema kitu.

Nilikuwa bado na maneno mengi niliyoyapanga tangu bandani. Nikaingia ndani, nikamwambia Maryamu afungue vyombo.