Nilisimama Nikitazama Nyuki Wakimmaliza Mwizi Wangu

Msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma.

Kuna siku nilimtazama mtu akiumwa na nyuki shambani kwangu, huku Migwani, nikasema, "Asante Yesu."

Kopo la moshi la kutulizia nyuki lilikuwa mkononi. Ningemsaidia. Sikusonga.

Ngoja nieleze.

Bwanangu alipofariki aliniachia mizinga ya nyuki na mtoto mmoja, Kitheka. Mvua ikikataa huku, mahindi yanakauka, lakini asali haikosi. Hiyo asali ndiyo ilimweka Kitheka shule.

Halafu mwizi akaanza. Unaenda kurina asali, unapata mzinga mtupu. Masega yamebebwa, watoto wa nyuki wametupwa chini, siafu wanasherehekea.

Kitheka akafukuzwa shule kwa kukosa karo. Tukalala njaa.

Kichwani nilikuwa na jina moja tu: Ndululu. Jirani yangu, mlevi, ambaye alipita kwangu kila asubuhi akicheka, "Kanyiva, huyo Mungu wako amelala ama amesafiri?"

Kila Jumatano nilifunga, nikiomba mkono wa Ndululu ukauke kama kuni.

Aliyenituliza ni Mzee Mbaluka, mzee wa kanisa letu. Alikuja na Biblia kwapani.

"Dada, vumilia. Ayubu alivumilia. Usiende kwa chifu, usigombane na watu. Wewe enda ukaombee wagonjwa, Mungu atalinda mizinga."

Nikatii. Leo ananituma kwa mgonjwa huyu, kesho kwa yule.

Siku hiyo alinituma mji wa Kabati, kwa mama fulani, akisema amezidiwa na ugonjwa. Kufika, mama mwenyewe namkuta sokoni akiuza ndengu, mzima kabisa, anabishana bei na wateja!

Nikageuza. Nilifika nyumbani jua bado kali, nikasikia mayowe kwenye mizinga.

Mtu amejifunika gunia kichwani. Nyuki wamemjaa mpaka gunia limekuwa jeusi. Anazunguka, anaanguka, anainuka, anapiga kelele isiyo na maneno.

Niliwasha moshi kwa mazoea. Halafu nikasimama tu.

Ndululu, leo umepatikana.

Nikakumbuka mtoto wangu akilia na sare yake ya shule. Wacha wamle. Siwadanganyi, nilisikia raha.

"Kanyiva! Unangoja nini? Mtu anakufa!"

Nikageuka. Ngai wakwa, Mungu wangu!

Ndululu alikuwa nyuma yangu, anakimbia na blanketi linalochuruzika maji.

Sasa huyu kwenye gunia ni nani?

Tulimvuta, mimi na moshi, Ndululu na blanketi. Ndululu aliumwa shingo yote, hakumwachilia. Tulipofika mbali, nikavua lile gunia.

Mzee Mbaluka.

Macho yamefungana, midomo imefura kama mandazi.

Nikawakumbuka wagonjwa wote alionituma kuwaombea. Na kila nikirudi, mzinga mtupu.

Akanishika kiatu. "Dada... tuvumiliane. Usiseme. Hii aibu itavunja kanisa."

"Mzee, umenifundisha kuvumilia," nikamwambia. "Sasa vumilia wewe."

Sikungoja uvimbe upungue. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilimwita mbele na hiyo sura yake. Aseme mwenyewe, ama niseme mimi.

Akasema. Mke wake akatoka nje. Hakuna aliyeitikia amina.

Na mimi nilifurahia kila neno.

Ndululu nilimwendea baadaye kuomba msamaha, nikamwambia mpaka yale maombi ya mkono wake kukauka. Akasema, "Niletee asali, tutaongea."

Bado niko kanisa lile lile. Sikumwachia Mbaluka Mungu wangu. Kumsamehe najaribu, na siku nyingine nashindwa kabisa.

Shida za Mkristo zinavumiliwa, hiyo najua. Kisasi ni cha Bwana, hiyo pia nakubali. Lakini hakuna mahali nimesoma kwamba mwizi afichwe kwa jina la Bwana.

Mtu akikuambia vumilia, kwanza angalia yeye anakula wapi.