Upanga wa Kuazima Mlangoni kwa Bi Mkubwa

Jamani, kuna aibu mtu huificha hata kwa mkewe, lakini hii yangu haifichiki, kwa sababu mke wangu alikuwa nyuma ya mlango akisikia kila kitu. Ilikuwa siku ya harusi yetu, miaka ya themanini, mimi kijana wa Likoni nafanya kazi kiwandani Changamwe, nimeposa Kisauni kwa watu wenye mila zao, na kosa langu lote lilikuwa tamaa ya kupendeza.

Mjomba aliniambia nishike bakora tu, yatosha. Mimi nikaona nikivaa joho bila upanga kiunoni nitafanana na mtu aliyejitanda shuka, basi nikaenda kwa jirani yetu Mzee Athmani, aliyekuwa na upanga wa mpini wa fedha ukutani. Akaniuliza naoa kwa nani. Nikamwambia. Akaushusha, akaufuta kwa mafuta ya nazi, akasema, "Panga za zamani zina majina. Huu waitwa Saada. Ukiulizwa, sema." (Nikadhani ni mambo ya wazee tu.)

Nikaha msikitini ikapita salama. Tukashika njia na vigoma hadi nyumbani kwa bibi harusi nikampe mkono, na mlangoni alikuwa amekaa nyanya yake aliyemlea, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, sijapata kusikia akitajwa kwa jina jingine. Bila ridhaa yake hupiti. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye badala ya kuitika akanikodolea macho kiunoni. Wanawake nao wakakodoa hapo hapo, vigelegele vikakatika, ngoma ikakatika, na mimi, wallahi, nikajua kikoi kimenifunguka. Nikapeleka mkono haraka chini ya joho nikikamate, mkono ukagonga mpini, upanga ukachomoka nusu, na wajomba wawili wa bibi harusi wakanirukia wakanishika. Sasa fikirieni, bwana harusi kashikwa kama mwizi wa kuku, kilemba kimemfika puani, na bado anauliza kwa sauti ndogo kama kikoi chake kiko sawa.

"Mwacheni," akasema Bi Mkubwa. "Mwanangu, upanga huu waitwaje?"

Nikaona hapa ndipo pa kujiokoa. "Waitwa Saada, bibi," nikajibu kwa majivuno.

Mjomba mmoja akaniziba mdomo. Akaninong'oneza kwamba Saada ndilo jina la Bi Mkubwa, na kwamba upanga ule aliuvaa mumewe wa kwanza siku ya harusi yao, akaupa jina la mkewe mbele ya watu, kisha hata fungate haijaisha akavuka kwenda Likoni na talaka akaituma kwa mtu. Nyuma yangu wengine walikuwa washaanza kusema kwamba nimetumwa kuwadhihaki, na mimi nami nitoe talaka sasa hivi. Ndani nikasikia mtu analia, nikaitambua sauti. Hapo niliogopa kwelikweli, maana nilimpenda yule msichana, na sikujua naombaje radhi kwa kosa ambalo hata silielewi.

Bi Mkubwa akauchomoa upanga mwenyewe, taratibu, akautazama pande zote mbili, akaulaza mapajani.

"Wewe pita, mkeo akungoja. Huu hautoki hapa. Mwambie mwenyewe aje autwae."

Nikapita na ala tupu, na picha zote za harusi ndivyo zilivyo.

Fungate ilipokwisha nikamrudishia Mzee Athmani ile ala, nimejitayarisha kutukanwa. Akaipokea bila kuitazama.

"Alikasirika?"

"Alisema uje mwenyewe."

"Alisema hivyo kwa kinywa chake?"

Akaingia ndani, nami nikabaki barazani nisijue kama nimefukuzwa ama vipi, hata akatoka amevaa kanzu safi na kofia, akaniuliza kama Bi Mkubwa siku hizi hupokea wageni kabla ya alasiri au baada yake. Nikamwambia hilo, mzee wangu, mimi sijui, na nikaapa pale pale barazani kwamba sitavaa tena pambo la mtu kabla sijamuuliza alilivaa mbele ya nani.